Kutafuta Chanzo cha Hitilafu za Mabomba na Maji Taka Nyumbani

Hitilafu ya mabomba hugharimu fedha nyingi zaidi pale mtu anapoanza kufungua vitu kabla hajajua tatizo liko wapi. Sinki la jikoni likituamisha maji, wengi hukimbilia kumwaga dawa kali, ilhali kilichoziba ni chemba, yaani kishimo chenye mfuniko cha kukagulia maji taka, iliyo nje ya ukuta. Kwa hiyo, kabla ya kushika spana, jiulize: je, tatizo liko mahali pamoja tu, au limeenea nyumba nzima?

Tuanze na maji yanayoingia. Ikiwa bomba moja linatoa maji kidogo huku mengine yakitoa vizuri, fungua kichujio kidogo kilicho mdomoni mwake. Hapa Arusha, maji ya kwanza baada ya mgawo mara nyingi huja na tope na mchanga laini, ambao hukwama kwenye kichujio hicho na kwenye matundu ya bomba la mvua. Kisugue kwa mswaki wa zamani, na kama kina ukoko mweupe, kiloweke kwanza kwenye siki.

Maji yakiwa hafifu nyumba nzima, tazama simtanki. Presha ya maji yanayoshuka hutegemea kimo cha tangi, ambapo kila mita 10 hutoa takribani baa 1 (baa ni kipimo cha presha). Hivyo tangi lililo mita 4 juu ya bomba haliwezi kuzidi baa 0.4, na hita ya bafuni au mashine ya kufulia inaweza kukataa kufanya kazi ingawa haina ubovu wowote. Fundi anayekushauri ubadilishe mabomba yote kwa sababu hiyo anakupotezea fedha, kwani dawa yake ni kuinua tangi au kufunga pampu. Lakini kama maji yalikuwa na nguvu, yakadhoofika baada ya tangi kukauka na kujazwa tena, huenda hewa imenasa njiani: fungua mabomba yote na uyaache yatiririke mpaka yatakapoacha kutema hewa.

Tangi likifurika, inua boya kwa mkono. Maji yakikatika, rekebisha mkono wa boya ili lifunge mapema. Yasipokatika, washa ya mpira, yaani kipete kinachoziba maji, imechakaa au imenasa mchanga.

Maji machafu ndiyo yanayodai subira. Chini ya kila sinki kuna bomba lililopinda ambalo hubaki na maji kidogo, na maji hayo ndiyo yanayozuia harufu isipande chumbani. Bafu la wageni lisilotumika likinuka, mara nyingi maji hayo yamekauka tu, na ndoo moja ya maji humaliza tatizo. Sinki likiziba peke yake, weka ndoo chini ya mpindo huo, uufungue kwa mkono na kuusafisha. Jikoni utakuta mafuta yaliyoganda, hasa Juni na Julai ambapo baridi ya huku hugandisha haraka mafuta ya mtori na nyama. Yafute masufuriani kwa karatasi kabla ya kuosha.

Hali ni tofauti kabisa ikiwa choo kinabwabwaja unapomwaga maji bafuni, au maji yanapanda kupitia tundu la sakafuni. Hapo kilichoziba ni njia ya pamoja, na kufungua sinki hakutasaidia. Funua chemba iliyo karibu zaidi na nyumba. Ikiwa haina maji, uchafu umekwama kati yake na nyumba. Ikiwa imejaa, endelea na inayofuata mpaka upate isiyo na maji: kizuizi kiko kati ya chemba ya mwisho iliyojaa na ya kwanza isiyo na maji. Zikiwa zimejaa zote, shimo la maji taka limejaa au bomba linaloliingia limeziba. Unapotumia fimbo za kuzibulia zenye skrubu, zizungushe kuelekea kulia tu, kwa maana ukizizungusha kushoto zitafunguka na kubaki ndani ya bomba. Kamwe usiingie wala kumwingiza mtu ndani ya shimo la maji taka: gesi yake huua kwa dakika chache, na mara nyingi anayeingia kuokoa hufa pia.

Kuziba kunakojirudia kuna sababu ya kudumu. Bomba la inchi 4 linahitaji mteremko wa takribani sentimita 2.5 kwa kila mita, na penye mteremko pungufu uchafu hubaki ukijikusanya. Mizizi ya mparachichi au mti wa kivuli huingia kwenye viungo vilivyolegea. Aidha, nyumba nyingi zimeelekeza maji ya paa kwenye chemba za maji taka, na masika ya Machi hadi Mei yanapofika, mvua hujaza shimo na uchafu kurudi ndani. Yaondoe maji ya paa kwenye njia hiyo.

Sodakostiki, dawa kali ya kuzibulia, huyeyusha mafuta, lakini huunguza ngozi na macho. Itie kidogo kidogo kwenye maji ya baridi, si maji juu yake, na usiichanganye na dawa nyingine yoyote.

Bili ikipanda bila sababu, funga mabomba yote, pamoja na koki ya kuingiza maji tangini, kisha tazama mita. Ikizunguka, kuna uvujaji kati ya mita na tangi. Isipozunguka, chunguza boya, na utie rangi ya chakula kwenye tangi la choo: ikionekana bakulini baada ya nusu saa bila kuvuta maji, mpira wa chini haufungi. Kiungo cha bomba la PPR (aina ya bomba la plastiki) kikivuja, tepu haitasaidia kwa kuwa kimeunganishwa kwa joto. Kikatwe na kuunganishwa upya. Uvujaji ulio kabla ya mita ni kazi ya mamlaka ya maji, yaani AUWSA kwa Arusha na MUWSA kwa Moshi, na unapotoa taarifa, kuwa na namba ya mita mkononi.