Namna ya Kufuatilia Milipuko ya Nyota SS Cygni

SS Cygni ni nyota mbili zilizokaribiana mno, yaani kibete cheupe (kiini kidogo kizito kilichobaki baada ya nyota kufa) na nyota nyekundu hafifu, ambazo huzungukana kwa muda wa saa 6 na nusu hivi. Gesi ya nyota nyekundu humiminika kuelekea kwenye kibete na kutengeneza diski inayokizunguka. Gesi ikishalimbikizana na joto likapanda hadi hidrojeni ianze kupoteza elektroni zake, msuguano ndani ya diski huongezeka ghafla, nayo gesi hukiangukia kibete kwa wingi huku diski nzima iking'aa. Hakuna nyota inayopasuka, ndiyo maana mlipuko hujirudia, kwa wastani kila baada ya wiki 7 au 8, ingawa haufuati ratiba.

Nyota hii, iliyogunduliwa na Louisa Wells wa Harvard mwaka 1896, huwa na magnitudi (kipimo cha mng'ao) 12 inapotulia, na hufikia karibu 8 inapolipuka. (Namba ikipungua, mwanga umeongezeka.) Kwa hiyo darubini ya macho mawili ya 10×50 hutosha wakati wa mlipuko, lakini ili uione ikiwa imetulia utahitaji darubini yenye kioo cha milimita 150 hivi na mahali penye giza. Mwezi Oktoba, mtu aliye Afrika Mashariki aitafute upande wa kaskazini mapema usiku, takriban digrii 11 mashariki mwa nyota angavu Deneb.

Chapisha ramani ya eneo hilo kutoka AAVSO (chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika mwanga), ambako nyota za kulinganishia huandikiwa namba bila nukta: 84 ni magnitudi 8.4. Yaache macho yazoee giza kwa dakika 20, kisha tafuta nyota moja inayong'aa kuliko SS Cygni na nyingine iliyo hafifu kuliko hiyo. Zikiwa 8.4 na 9.0, nayo ikaonekana katikati kabisa, andika 8.7. Usitazame kwanza makadirio yako ya jana, kwa maana jicho hupenda kuona linachotarajia.

Usipoiona, bado unayo taarifa ya kuandika, na kwangu hiyo ina thamani sawa na nyingine: chukua nyota hafifu kuliko zote ulizoweza kuziona kwenye ramani, tuseme 11.1, uandike <11.1, yaani ilikuwa hafifu kuliko 11.1, kwani bila usiku kama huo hatuwezi kujua mlipuko ulianza lini. Saa iandikwe kwa wakati wa kimataifa, hivyo saa nne usiku ya Afrika Mashariki ni 19:00.