Kundi la vijana wa selimundu: kila kazi iwe na watu wawili

Mkutano wetu wa kwanza mkubwa hapa Mwanza niliupanga Juni 19, Siku ya Selimundu Duniani; selimundu ndiyo sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Ukumbi nimelipia, soda nimeagiza, funguo ziko kwenye pochi yangu. Pochi ilikuwa chini ya mto wangu, wodini, nami nina dripu mkononi. Vijana kumi na wawili walipigwa jua nje ya mlango uliofungwa, kisha wakarudi makwao.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kuanzisha kundi si katiba wala mwenyekiti. Kila kazi mpe mtu na pacha wake, yaani mwenzake wa kushika nafasi akiugua: funguo, daftari la simu, fedha, hata kununua maji. Pacha asiwe ndugu wa nyumba moja. Tuliwahi kuwapa dada na mdogo wake, wote wana sikoseli; mdogo alipolazwa, dada naye akawa hospitalini akimuuguza.

Wanachama utawapata kwenye benchi la kliniki. Mwombe muuguzi anayewafahamu akuunganishe nao, maana yeye anajua nani ameanza kuacha dawa. Watano wanatosha kuanzia. Walio chini ya miaka 18, ongea na mzazi kwanza, ana kwa ana.

Mahali pawe tambarare. Mji wetu ni wa mawe na vilima, na mwenye damu kidogo akifika juu hana pumzi ya kuongea. Sisi hukutana saa nne, ubaridi wa asubuhi ukishaondoka, na ndoo ya maji ya kunywa hukaa katikati ya viti, kwa sababu baridi na kukaukiwa maji huamsha maumivu. Nauli rudisha, posho usianze kutoa, hutaweza kuiacha.

Mwenzenu akilazwa, mtu mmoja tu ampigie mama yake, kisha awape wengine habari. Pole arobaini humaliza chaji ya mgonjwa. Waende wawili, na chaja, maji, uji kwenye chupa ya chai. Neno "jikaze" tumelipiga marufuku. Muulize kama anataka kukandwa au kuachwa kimya. Msaada mkubwa kuliko yote, nimeuona mara nyingi, ni kumwambia mama: nenda nyumbani ukaoge, sisi tupo.

Wavulana watengeeni muda wao na kaka mtu mzima mwenye selimundu. Uume kusimama wenyewe kwa maumivu ni sehemu ya ugonjwa huu, lakini kijana anaweza kuvumilia usiku kucha kwa aibu. Aambiwe wazi: ikidumu kwa muda wa saa mbili mfululizo bila kutulia, hospitali; muda ukizidi saa nne anaweza kupata madhara ya kudumu.

Kwenye kundi la WhatsApp, hakuna kupunguza wala kuongeza dozi ya mtu ya haidroksiurea (dawa ya selimundu), hakuna kuuza mitishamba. Homa ya nyuzi 38.5 au zaidi haijadiliwi, ni ya hospitali. Anayeiandika hujibiwa neno moja, "nenda", na pacha wake humpigia simu mpaka athibitishe ameondoka nyumbani.

Halafu kuna msiba. Mwenzetu wa kwanza alipofariki niliondoa namba yake kundini jioni ileile, nikidhani nawapunguzia wenzangu uchungu. Wawili walijitoa kwa hasira. Mmoja aliniambia, "Dada, kwa hiyo na mimi utanifuta hivyo?" Siku hizi namba tunaiacha, familia ndiyo huamua. Tunakutana ndani ya wiki ileile, bila mtaalamu wa kufundisha, kwa sababu kila kijana pale anajihesabia miaka yake na hataki somo. Msiba wa pili, pacha wangu ndiye aliyeendesha kikao. Mimi nilikaa kiti cha nyuma nikalia.