Mradi wa maji kijijini: jinsi ya kutunza pampu, bomba na tenki kabla havijawafia

Wakuu, hii naandika kwa wale mlio kwenye vyombo vya maji vijijini, yani CBWSO, hasa makatibu na mafundi wapya, maana tangu Sheria Namba 5 ya 2019 ilete RUWASA (wakala wa maji vijijini Tanzania) kuna vyombo vingi vimepokea miradi ya zamani na hakuna anayejua ndani yake kuna nini. Unakabidhiwa funguo ya nyumba ya pampu na kitabu cha risiti basi, alafu kijiji kizima kinakuangalia wewe.

Anzeni kwa kujua mlicho nacho. Chukueni kaunta buku moja nene, mtembee kwa miguu kutoka kisimani mpaka DP (kituo cha kuchotea maji) ya mwisho, na kila mnachokikuta kiandikwe: kitu gani, saizi gani, kilifungwa mwaka gani, hali yake ikoje, kipo wapi. Hapo kwenye "kipo wapi" msifanye haraka. Sisi kwetu ramani ya bomba ilikuwa kichwani kwa mzee mmoja aliyechimba mtaro wakati mradi unajengwa, akahamia mjini kwa mwanae, bomba kuu likapasuka na hatukujua geti valvu (ya kufungia maji kwenye bomba) iko wapi, tumechimba siku mbili maji yanamwagika watoto wanarudi na ndoo tupu, tukaja kuikuta chini ya kichaka hatua 14 kutoka kwenye mwembe. Toka siku hiyo kila valvu tunaipima kutoka kwenye vitu viwili visivyohama, mfano mita 11 toka kona ya darasa na mita 7 toka nguzo ya umeme, vipimo viwili vinakutana sehemu moja huhangaiki. GPS ya simu nayo piga, ila usiitegemee peke yake.

Ukishaandika, kila kitu kipe alama mbili, 1 mpaka 5: kina dalili gani za kuharibika, na kikiharibika wangapi watakosa maji. Zidisha. Koki ya DP inayovuja inaweza kuwa na 5 kwa 1, pampu iliyochoka ina 4 kwa 5, kwahiyo hata kama watu wanalalamikia koki wewe hela ya kwanza unajua inaenda wapi.

Sasa pampu. Kila siku andika vitu vitatu: saa ilizofanya kazi, mita kubwa imesoma ngapi, na ampia (umeme mota inaovuta), alafu angalau mara moja kwa wiki kina cha maji kisimani. Chukulia siku moja mwezi wa tatu pampu imefanya kazi saa 6 imetoa uniti 48 (uniti moja ni lita 1,000), hiyo ni uniti 8 kwa saa. Mwezi wa tisa saa zilezile 6 zinatoa 39, yani 6.5 kwa saa. DP bado zinatoa maji na hakuna aliyelalamika, lakini kitu kimeshaanza kuharibika na daftari limekwambia mapema. Pima kina kwanza, kama maji yameshuka shida ni kisima, bana valvu kidogo upunguze kasi ya kuvuta ili pampu isikae kavu. Kina kikiwa kilekile fuata bomba kutoka kisimani mpaka kwenye mita ukitafuta mvujo, ukikosa basi elewa impela (zile za ndani ya pampu zinazosukuma maji) zimelika, anza kutafuta hela ya pampu sasa hivi. Ampia zikipanda kuzidi namba iliyoandikwa kwenye bamba la mota, zima, usisubiri mpaka jioni eti watu wachote kwanza. Wenye sola mlinganishe saa sita mchana kwa saa sita mchana siku ya jua, maana asubuhi na mchana hazifanani kabisa.

Mvujo wa mtandao unaukamata usiku. Saa tano DP zote zikiwa zimefungwa soma mita ya kutokea tenki, rudi saa kumi alfajiri soma tena. Zikipotea uniti 3 hizo ni ndoo 150 za lita 20 zimeingia ardhini na wewe umelala. Usiku unaofuata funga tawi mojamoja mpaka mita isimame, tawi ulilofunga ndo lenye shida.

Tenki lisafishwe ndani, tope litoke lote ndo uweke klorini. Kwa tenki la lita 50,000 ukitaka miligramu 50 kwa lita unahitaji karibu kilo 4 za unga wa asilimia 65. Tia unga kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya unga, vaa glavu, na asiingie mtu tenkini peke yake hata kama ni fundi wa miaka mingi. Laza usiku mzima DP zote zikiwa zimefungwa, mwaga mbali na mto na mashamba, jaza upya, alafu pima kwenye DP, klorini ibaki kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita.

Hela ndo inayoua miradi mingi, na inaniuma kwasababu hesabu yake ni ndogo sana. Chukulia pampu ni milioni 6 na itaishi miaka 8, hiyo ni 750,000 kwa mwaka, 62,500 kwa mwezi. Kama mnauza ndoo 30,000 kwa mwezi ni shilingi mbili na kidogo kwa kila ndoo. Mbili tu! Iwekwe akaunti yake, isichanganywe na posho wala mafuta ya pikipiki, na stoo isikose kaplingi za saizi zenu, geti valvu moja, koki kadhaa na tredi tepu. Wenye pampu za mkono za Afridev wekeni yusili (raba ya pistoni) na bushi zake kabisa.

Sisi ukurasa wa mwezi tunautoa kopi tunaubandika mlangoni ofisi ya kijiji kila tarehe 1, uniti zilizopandishwa, zilizouzwa, zilizopotea, na hela ya pampu imefika ngapi. Watu wanausoma wakiwa wanamsubiri mtendaji, na mwezi jana mama mmoja ndo aliyetuuliza mbona zilizopotea zimeongezeka, tukafuatilia tukakuta mvujo nyuma ya zahanati.