"Umeelewa?" ni swali bovu: jinsi ninavyowafundisha watoa huduma kushirikiana na walezi wa watoto

Kabla sijaanza kufundisha wenzangu, nilimhudumia bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake mwenye malaria. Mtoto alimeza dozi ya kwanza ya dawa ya mseto mbele yangu, saa nne asubuhi. Nikamwambia bibi, "Ya pili umpe baada ya saa nane. Umeelewa?" Akajibu, "Nimeelewa, daktari." Mimi si daktari, ni muuguzi, lakini sikumsahihisha, foleni ilikuwa ndefu.

Siku ya tatu alirudi, akanisimulia kwa fahari alivyofuata maelekezo: alisubiri saa nane mchana ipite, ndipo akampa. Mimi nilimaanisha muda wa saa nane tangu dozi ya kwanza, yaani saa kumi na mbili jioni. Mtoto alipona, lakini kosa lilikuwa langu, na lilikuwa la Kiswahili kabla ya kuwa la tiba. Mafunzo ninayoyaeleza hapa yalianzia pale.

Hatua ya 1: Kusanya watu wachache, na mzazi mmoja awe mkufunzi

Watu wanane wanatosha kwa asubuhi moja. Usichukue wauguzi na matabibu peke yao. Mwite anayetoa dawa dirishani, mtu wa mapokezi, hata mlinzi wa getini, maana yeye ndiye mtu wa kwanza kumjibu mama vizuri au vibaya. Kisha tafuta mzazi aliyewahi kuuguza mtoto kituoni hapo, aketi nanyi mbele kama mkufunzi. Akiwekwa pembeni asimulie yaliyomkuta halafu aondoke, atageuka pambo.

Swali la kwanza litakuwa la posho. Lijibu mapema na kwa uwazi, muendelee.

Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, akikuambia kwamba haya ni mambo mapya ya wafadhili, mkumbushe kwamba Azimio la Alma-Ata la 1978, la mkutano wa kimataifa wa huduma ya afya ya msingi, lilishatamka kuwa watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya.

Hatua ya 2: Waanze kwa kusikiliza, nje

Kabla ya somo lolote, kila mshiriki aende karibu na dirisha la dawa, aombe ridhaa ya walezi watatu wanaotoka, na amuulize kila mmoja: "Dawa hizi utampaje mtoto?" Aandike jibu kama lilivyo. Asisahihishe hapohapo mpaka amesikia lote. Akisikia kosa, ndipo amrudishe mlezi kwa upole dirishani.

Wakirudi ndani, wasomeane. Hapa ndipo watu hunyamaza. Yule aliyekuwa akisema "wagonjwa wetu hawasikii" anakuta maelezo yake mwenyewe yamerudi yamepinda. Usiwahimize kuzungumza, kimya hicho kiache kidogo.

Hatua ya 3: Piga marufuku "Umeelewa?"

Mtu mzima akiulizwa "Umeelewa?" mbele ya foleni atasema ndiyo. Kusema hapana ni aibu. Wafundishe kuuchukua mzigo wa kueleza wao wenyewe:

"Mama, nimesema mengi, huenda sikueleza vizuri. Baba yake akikuuliza jioni dawa inaliwaje, utamwambiaje?"

Kisha tengenezeni sentensi za dawa mnazotoa kila siku. Kwa dawa ya mseto sisi husema hivi: "Sasa ni saa nne asubuhi. Ya pili ni leo saa kumi na mbili jioni. Kesho na keshokutwa, asubuhi na jioni. Jumla ni dozi 6 kwa siku 3, hata homa ikiisha kesho. Apewe akiwa amekula au amenyonya." Maneno "baada ya saa nane" tumeyafuta kabisa. "Kutwa mara mbili" nayo iandamane na saa zenyewe, kwani wapo wanaosikia "kutwa" wakaelewa mchana tu.

Hatua ya 4: Igizo dhima, watu watatu watatu

Mmoja ni mtoa huduma, mmoja mlezi, mmoja mtazamaji. Anayeigiza mlezi asimame, ashike kanga iliyoviringishwa kama mtoto, na mkoba begani, kwa sababu dirishani ndivyo mama anavyosikiliza. Mpe siri kwenye kikaratasi: ameshampa mtoto dawa ya mitishamba, au anayeamua nyumbani ni mama mkwe, au nauli ya kurudi hana. Mtoa huduma hajui. Kazi yake ni kuuliza mpaka siri itoke bila kumtisha mtu.

Maswali mawili husaidia sana: "Wewe unadhani kimempata nini?" na "Katika haya tuliyopanga, lipi litakuwa gumu nyumbani?"

Mlezi akiwa bibi, kijana aanze na shikamoo. Nimeona siri ikitoka kwa neno hilo moja.

Mtazamaji aandike maswali yaliyoulizwa tu. Mzazi mkufunzi ndiye atoe hukumu ya kwanza. Mimi husema wa mwisho.

Hatua ya 5: Mpeni mlezi kazi yenye uzito

Mama humtazama mtoto usiku kucha, sisi dakika chache. Kwa hiyo akisema "leo huyu si mtoto wangu wa jana", iandikwe kwenye kadi kama mnavyoandika joto la mwili. Kisha mkubaliane naye dalili za kurudi hata usiku wa manane: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, degedege, amelegea au haamki vizuri. Azitaje yeye kwa maneno yake.

Hatua ya 6: Rudi baada ya wiki mbili

Rudia zoezi la dirishani, walezi watatu kwa kila mshiriki, mlinganishe majibu na yale ya kwanza. Utakuta mtu mmoja au wawili wamerudia "Umeelewa?" siku yenye foleni. Usiwaseme kikaoni. Simama naye dirishani nusu saa, mhudumie mmoja wewe, mmoja yeye.

Na mzazi mkufunzi apate nauli yake siku ileile ya mafunzo, kiasi kilekile cha wengine, kabla hajatoka getini.