Kufunga dai ya kubania maganda ya .308: pima bega, usikisie

Dai (die) ni kifaa cha chuma kinachobana ganda la risasi lililofyatuliwa lirudi kwenye umbo lake ili lijazwe tena; hufungwa kwenye presi, na ganda hushikwa chini na kishikio. Karatasi inayokuja na dai nyingi husema: pandisha pistoni ya presi, zungusha dai mpaka iguse kishikio cha ganda, kisha ongeza robo mzunguko. Ukifuata hivyo ganda litaingia karibu chemba yoyote, na ndiyo maana watengenezaji wameandika hivyo. Lakini chemba yako, yaani tundu la bunduki ambamo ganda hukaa, ni moja. Mara nyingi bega, yaani mteremko kati ya kiwiliwili na shingo ya ganda, husukumwa nyuma kupita kiasi, na kila ukifyatua ganda hunyooka tena kulijaza pengo, huku ukuta ukikonda juu kidogo ya kitako. Mwisho ganda hukatika hapo hapo.

Kwa .308 Winchester kwenye bunduki ya kukoki kwa mkono, rudisha bega milimita 0.05 tu kutoka lilipofika baada ya kufyatuliwa. Bunduki inayojikoki yenyewe inataka 0.08 hadi 0.10, kwa sababu bolti yake (chuma kinachofunga nyuma ya chemba) inafungwa na springi na lazima ifunge kila mara.

Anza na maganda matano yaliyofyatuliwa kwenye bunduki hiyo hiyo, ikiwezekana mara mbili au tatu, maana ganda jipya mara nyingi halijazi chemba kwa mlio mmoja. Toa fataki (kiwashio kilicho kitakoni) kwanza, kwa sababu iliyochomoza hata kidogo inaharibu kipimo. Funga kwenye kalipa (kipimo cha taya) kipimia-bega chenye tundu la milimita 10.16 (inchi 0.400), kisha pima yote. Shika namba ya ganda refu kuliko yote, si wastani, kwani hilo ndilo lililojaza chemba. Tuseme ni 41.45: lengo lako ni 41.40. Namba hizi ni za kulinganisha tu, kwa hiyo usibadilishe kifaa katikati ya kazi.

Sasa teremsha dai mpaka iguse kishikio, halafu irudishe juu nusu mzunguko. Paka ganda mafuta ya kubania, libane, lifute, lipime. Usishangae likisoma 41.50, yaani refu kuliko lilivyotoka kwenye bunduki. Dai hubana kiwiliwili kwanza, na shaba ikibanwa ubavuni inakimbilia mbele pamoja na bega. Anayeishia hapa anapata maganda yanayoifanya bolti iwe ngumu kufunga, kisha analaumu dai. Endelea kuteremsha: dari ya dai ikishalifikia bega, kipimo kitaanza kushuka.

Hapo ndipo pa kwenda taratibu. Dai za kawaida zina nyuzi 14 kwa inchi, hivyo mzunguko mzima ni milimita 1.81, na 0.05 ni digrii 10 za duara. Chora mstari kwa kalamu ya wino kwenye dai na mwingine kwenye presi. Mstari ukisogea karibu milimita 2 kwenye mzingo wa dai, umeshuka 0.05. Ukikaribia lengo tumia ganda ambalo halijabanwa, kwa sababu lililobanwa mara nne au tano halitoi tena jibu la kweli.

Kabla ya kukaza ringi ya kufungia, acha ganda lililopakwa mafuta ndani ya dai, pistoni ikiwa juu kabisa. Hivyo ulegevu wote wa nyuzi unakaa upande mmoja. Ringi inayobana kuzunguka dai ni bora. Kama yako ina skrubu inayochoma nyuzi, weka kipande kidogo cha madini laini ya risasi chini yake.

Thibitisha kwenye bunduki. Toa pini ya kufyatulia na kisukuma-ganda kwenye bolti ili usikie vizuri. Kwa ganda lililobanwa, mkono wa bolti ushuke bila kulazimishwa. Ukikwama, bega bado liko mbele, au ganda ni refu: .308 isizidi milimita 51.18, na hukatwa hadi 50.93. Pima urefu huo baada ya kubana, maana kubana hurefusha.

Vipimo vikiyumba ilhali dai haijasogea, tazama mafuta kwanza. Yakizidi huacha vibonyeo begani. Yakikosekana ganda hukwama ndani ya dai, na kulitoa ni kazi ya drili. Pili, usichanganye maganda yaliyofyatuliwa mara mbili na ya mara nane: shaba iliyokomaa ni ngumu na hurudi nyuma kama springi. Shikilia pistoni juu sekunde tatu hadi tano kila mara. Tatu ni kipanuzi cha shingo: kikipita kwenye shingo kavu hulivuta bega mbele, na hapo kazi yote inaharibika. Paka mafuta kidogo ndani ya shingo kwa brashi.

Dai ikigusa kishikio na bega likarudi kupita kiasi, Redding huuza seti ya vishikio vitano virefu zaidi, vinavyopishana kwa inchi 0.002. Hapo unaacha dai ikigusa kwa nguvu na kubadilisha kishikio tu. Presi hainepi tena tofauti kati ya ganda na ganda.

Maganda ya zamani yachunguze kwa kipande cha waya kilichopindwa ncha. Kipitishe ndani kuelekea kitako. Kikinasa kwenye mfereji, pale ukuta ulipokonda juu ya kitako, ganda hilo ni la kutupa.