Kuipa kompyuta macho ya muuza madafu: seti za fazi hatua kwa hatua

Kila muuzaji wa soko la Kongowea, Mombasa, anajua kwamba dafu halilali likaamka koroma, yaani nazi inayokaribia kukomaa, lakini programu ya kawaida hudai jibu la ndiyo au la. Seti za fazi, alizozieleza mwanahisabati Lotfi Zadeh mwaka 1965, huruhusu kitu kiwe mwanachama wa kundi kwa kiwango chochote kati ya 0 na 1.

Hatua ya kwanza ni kukusanya viwango, na hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, kwa sababu mipaka inayobuniwa mezani huwa ya mbuni peke yake. Yapange matunda ya umri mbalimbali, yape nambari, kisha mwite muuzaji mmoja mmoja, mbali na wenzake, umwulize juu ya kila tunda: "Hili ni dafu?" Mwache alitikise sikioni asikie kama maji yamejaa au yanacheza, na aligonge kwa mpini wa panga akipenda. Wakikubali 7 kati ya 10, liandikie 0.7. Kisha uliza watu walewale kuhusu koroma. Tunda hilohilo laweza kupata 0.4, wala si kosa, kwani viwango vya makundi mawili havilazimiki kujumlika kuwa 1.

Kiwango hicho kisichukuliwe kuwa ni uwezekano, ambao huisha ukweli ukijulikana. Hata baada ya tunda kupasuliwa, maji kunywewa na nyama kukwanguliwa, linabaki kuwa dafu kwa 0.7.

Hatua ya pili, kuunganisha makundi, ni nyepesi: "na" huchukua kiwango kidogo kati ya viwili, "au" kikubwa, na kwa "si" kiwango hutolewa kutoka 1. Hivyo kwa tunda letu la 0.7, "dafu na si dafu" hupata 0.3 badala ya sifuri, jambo linalowakera wapenzi wa mantiki ya zamani.

Hatua ya tatu ni kanuni. Tuseme: tunda likiwa dafu, bei ni shilingi 60; likiwa koroma, 40. Zidisha kila bei kwa kiwango chake, upate 42 na 16, kisha gawa jumla kwa 1.1, yaani 0.7 na 0.4 pamoja: karibu shilingi 53. Ebrahim Mamdani, mzaliwa wa Tanzania, alitumia kanuni za maneno namna hii jijini London, miaka ya 1970, kuendesha injini ya mvuke.

Wauzaji wakiicheka bei hiyo, usichezee hesabu. Rudi ukaulize upya, kwa matunda mengi zaidi.