Kuteremka Shimo la Mungu, Newala, na kupanda tena

Shimo la Mungu ni bonde lenye mteremko mkali ukingoni mwa uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, kandambili ziache nyumbani. Juu uwandani njia ni mchanga na mikorosho, unatembea huku unapiga soga. Hapo ndipo wageni hujidanganya. Ukingoni tazama bonde la Ruvuma, ng'ambo ni Msumbiji, halafu acha simu mfukoni. Mteremkoni changarawe inakimbia chini ya soli: shuka kiubavu, hatua fupi, na usishike kichaka usichokijua, upupu hauna urafiki. Maji beba lita tatu kila mtu, maana uwanda wa Makonde una shida ya maji tangu enzi. Kurudi, muulize mwenyeji njia ya kuzunguka. Ni ndefu, ila magoti yatakushukuru. Masika usijaribu, makorongo hufunguka njiani.